Nani Mlatvia, nani Mgiriki? Maana ya utambulisho wa kitaifa Ulaya

Utambulisho wa kitaifa ni jibu la watu kwa swali moja: mtu awe na nini ndipo tumhesabu kweli kuwa mwenzetu? Pasipoti pekee hailimalizi. Unaweza kuwa raia halali, umezaliwa palepale, na bado jirani akakuuliza kwenu hasa ni wapi.

Mradi wa kimataifa wa kukusanya maoni ya watu, ISSP, ulilipeleka swali hilo katika nchi nyingi mwaka 1995, 2003 na 2013. Mhojiwa hutajiwa sifa mojamoja: kuzaliwa nchini, kuwa raia, kujua lugha, kuwa wa dini fulani, kuheshimu sheria na taasisi, kujiona mwenyeji, na kuanzia 2003, kuwa na wazazi wa asili ya hapo. Kila sifa huipima, kutoka muhimu sana hadi si muhimu hata kidogo.

Wasomi huzigawa sifa hizo mafungu mawili. Utaifa wa kiraia unatazama sheria, uraia na hiari ya mtu. Utaifa wa nasaba unatazama damu, mila na ukoo. Mwaka 1944 mwanahistoria Hans Kohn, mzaliwa wa Prague, aliugawa ulimwengu hivyo: Magharibi, kama Uingereza na Ufaransa, taifa ni la kiraia; ukivuka mto Rhine kwenda mashariki, ni la asili na utamaduni. Mgawanyo huo umeshika vichwa vya watu mpaka leo, na naona umedumu kupita uzito wake.

Chukua dini. Uchunguzi wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, wa miaka ya 2010 ulikuta Wagiriki, Waromania na Waserbia wengi wakisema Ukristo ni sehemu muhimu ya kuwa mwenzao. Lakini Wacheki na Waestonia, nao wa ng'ambo ya Rhine, wengi wao hawakusema hivyo. Upande wa magharibi, Wareno wengi walisema ni muhimu, Waswidi wachache tu.

Latvia inaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi. Dini huko haina uzito mkubwa; lugha ndiyo yenye uzito. Uhuru uliporudi mwaka 1991, uraia walirudishiwa waliokuwa raia kabla ya Wasovieti kuingia mwaka 1940, pamoja na wazao wao. Mamia ya maelfu ya wengine, wengi wao wakizungumza Kirusi, walibaki na hati ya "wasio raia". Njia ya kuupata uraia ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990, ilipitia mtihani wa Kilatvia na wa historia ya nchi. Mwaka 2012 wapiga kura, takriban watatu kati ya wanne, walikataa Kirusi kuwa lugha rasmi ya pili. Sasa hilo ni la kiraia au la nasaba? Lugha mtu hujifunza, kwa hiyo mlango upo. Ila kwa bibi aliyezeeka katika mji wa Daugavpils, Latvia, akizungumza Kirusi maisha yake yote, mlango huo ni mzito.

Isitoshe, mhojiwa mmoja huweza kusema kuheshimu sheria ni muhimu sana na ukoo pia ni muhimu sana. Mafungu hayo ni ya wasomi. Kichwani mwa watu yamechanganyika.

Wala fikra hizi hazisimami mahali pamoja. Ujerumani, iliyofuata sheria ya damu ya mwaka 1913, yaani uraia wa kurithi kwa wazazi, tangu 2000 humpa uraia mtoto wa wageni aliyezaliwa huko, mradi mzazi mmoja ameishi nchini kihalali kwa miaka inayotakiwa: minane mwanzoni, mitano tangu 2024. Ireland, nchi ya magharibi kabisa, ilielekea kinyume: mwaka 2004 karibu asilimia 79 ya wapiga kura waliondoa haki ya kila anayezaliwa nchini kuwa raia moja kwa moja.