Vijia vya potasiamu na ulemavu wa akili kwa watoto

Mama wa mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi huuliza: "Nilikosea wapi nikiwa na mimba?" Kwa watoto ninaowazungumzia hapa, wale wenye hitilafu katika jeni za vijia vya potasiamu vya ubongo, jibu ni kwamba hakukosea popote.

Seli ya neva ina potasiamu nyingi ndani yake, takriban mara 30 zaidi ya ile iliyo nje. Seli inaporusha ishara ya umeme, sodiamu huingia kwa kasi. Kisha vijia vya potasiamu, yaani protini zenye tundu katikati zilizopachikwa kwenye utando wa seli, hufunguka. Potasiamu hutoka, seli hutulia. Hiyo ndiyo breki ya ubongo.

Chukua jeni ya KCNQ2, yenye maelekezo ya kutengeneza aina mojawapo ya vijia hivi. Kila kijia chake huundwa na vipande vinne, na kipande kimoja kibovu chaweza kuvuruga kijia kizima. Mtoto hupata degedege ndani ya siku chache baada ya kuzaliwa: mwili hukakamaa, pumzi hukatika, uso hubadilika rangi. Degedege huweza kwisha baada ya miezi au miaka, lakini kukaa, kutembea na kuzungumza hubaki nyuma. Kwa hiyo kutibu kifafa peke yake hakutoshi. Seli zenyewe zinajengeka zikiwa na kasoro. Jeni hiyohiyo, ikipungua nguvu kwa kiasi tu, huleta degedege za kupita na mtoto akakua vizuri. Hali hii nyepesi ilihusishwa na KCNQ2 mwaka 1998. Ile nzito mwaka 2012.

Kwenye KCNT1, jeni ya aina nyingine ya vijia vya potasiamu, mambo hugeuka: vijia hufunguka kupita kiasi, na bado kifafa huwa kikali. Kwa panya imeonekana kwamba seli zinazotuliza seli nyingine ndizo zinazozimwa zaidi, hivyo breki hupungua.

Kumlisha mtoto potasiamu hakusaidii. Potasiamu ipo; njia ndiyo mbovu. Kinachosaidia ni kipimo cha jeni mapema, kwa sababu watoto wengi wenye hitilafu ya KCNQ2 hupata nafuu kwa kabamazepini au fenitoini, dawa zinazobana vijia vya sodiamu.

Katika hali hizi nzito, mabadiliko ya jeni kwa kawaida huzuka upya, baba na mama hawanayo. Uwezekano wa mimba nyingine kuathirika ni mdogo, ingawa si sifuri, maana baadhi ya mayai au mbegu za mzazi huenda zikayabeba. Waulizeni wataalamu wa jeni kabla ya mimba nyingine.