Huyo Sungura Hajatupwa, Mrudishe Ulikomtoa

Msimu wa palizi ukianza, najua nitaletewa watoto wa sungura pori. Mwaka huu wameshafika 3, na maelezo ni yale yale: "Daktari, tumemkuta peke yake shambani, mama yake kamtupa." Wa mwisho aliletwa na bodaboda, ndani ya ndoo ya lita 10 iliyofunikwa khanga. Alikuwa ametulia tuli, masikio yamelala mgongoni, na aliyemleta akafurahi: "Ona, ameshatuzoea." Huyo hajazoea mtu. Nilimwekea kidole ubavuni, moyo ulikuwa unakwenda mbio hata mapigo hayahesabiki. Sungura akiganda hivyo ujue ameogopa kufa.

Hakuna mama aliyemtupa. Shida ni kwamba watu wanampima sungura pori kwa sungura wa bandani. Yule wa bandani asili yake ni Ulaya. Mimba yake ni siku 30 hivi, na watoto wanatoka vipofu, uchi, wamelundikana kwenye kiota cha manyoya. Huyu wetu wa porini hubeba mimba kama siku 42, na mtoto anazaliwa na manyoya yake, macho wazi. Hachimbiwi shimo wala kujengewa kiota. Analala kwenye kibonde kidogo cha nyasi, na baada ya siku chache kila mtoto anajibanza mahali pake.

Mama anakaa mbali kwa makusudi. Yeye ana harufu, mtoto karibu hana, kwa hiyo akishinda pale atakuwa anamwelekeza bweha mahali pa kula. Giza likianza kuingia anarudi, ananyonyesha dakika chache, anaondoka tena. Kwa kawaida ni mara moja kwa siku! Sasa wewe unapita saa nne asubuhi na jembe begani, ulitaka umkute na nani?

Yatima wa kweli anajulikana. Yu baridi, amelegea, ana jeraha au mayai ya nzi kwenye manyoya, au umemwona mama yake amekufa hapo hapo. Huyo mlete. Aliyeng'atwa na paka mlete siku hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo kama ncha ya sindano, na tafadhali usimnyweshe amoksilini iliyobaki kabatini. Dawa hiyo ikipita mdomoni inaua bakteria wema wa tumboni mwa sungura, na sungura mwenyewe anafuata.

Mzima, mwenye joto, anayekutazama: mwache. Kama palizi inaendelea, msogeze mita chache hadi kwenye nyasi za pembeni. Kama umeshamchukua, mrudishe kabla jua halijazama, ufukuze mbwa, uondoke. Usisimame kuchungulia, maana ukiwapo mama haji. Hata akiwa amelala kwako usiku mmoja, bado inafaa kujaribu.

"Lakini tumeshamshika, mama ataikataa harufu ya mtu." Hapana. Mama haachi mtoto kwa sababu ya mkono wako. Hayo tuliambiwa utotoni ili tusichokoe viota vya ndege.

Maziwa ya ng'ombe nayo yamenichosha. Yana mafuta kama asilimia 4, ya sungura yanapita 10, na protini ni vivyo hivyo. Mtoto anakunywa, anaharisha, tumbo linajaa kama ngoma. Ya mbuzi hayana muujiza wowote. Na wengi hawafi hata kwa maziwa yenyewe, wanakufa kwa namna ya kunyweshwa: amelazwa chali kama mtoto mchanga, bomba la sindano linasukumwa, maziwa yanatokea puani. Hayo yameshaingia mapafuni. Akilazimika kulishwa, apashwe joto kwanza, akae kifudifudi, apewe tone kwa tone maziwa ya unga ya watoto wa paka. Hiyo ni ya kumvusha tu hadi afike kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Kumfuga bila kibali ni kosa, Tanzania na Kenya pia.

Kumchanganya na wa bandani "wazae chotara"? Wa porini ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 48, wa bandani 44, sahau. Ataambukizwa magonjwa au ataumwa na jike mwenye banda. Karoti pia weka sufuriani. Akitimiza wiki mbili hivi anatafuna nyasi mwenyewe.

Yule wa kwenye ndoo nilimwambia kijana amrudishe jioni ile ile, pale pale kwenye mahindi. Akakubali, akawasha pikipiki, kisha akazima. "Sawa daktari, na nauli ya kurudi analipa nani, huyu sungura?"

Nililipa mimi.