Serikali sio "siri kali" jamani

Kila mwaka lazima nikutane na mtu anasema neno serikali limetokana na siri na kali, yaani siri kali, na watu wanaitikia kabisa. Utani mzuri ila sio kweli. Serikali ni Kiajemi, sarkar, neno ambalo Wahindi nao walilichukua na mpaka leo wanaiita serikali yao hivyohivyo. Sar ni kichwa, kar ni kazi, kwahiyo sarkar ni kama mkuu wa shughuli.

Sasa hapo kwenye sar ndo pananoga. Wataalamu wa lugha wamerudi nyuma kama miaka 4000 hivi, kabla Kiajemi na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, havijaachana, wakakisia neno *ćŕ̥Has, kichwa. Hiyo nyota mbele inamaanisha hakuna maandishi yake popote, limeundwa upya kwa kulinganisha watoto wake. India ile ć ikawa ś, tukapata śiras, Kihindi cha leo sir. Upande wa Iran ikawa s tu, Kiavesta (lugha ya kale ya huko) sarah, Kiajemi sar. Kwahiyo wanaosema Kiajemi kimezaliwa na Kisanskriti nao wanakosea, hao ni ndugu, mama yao ni mmoja.

Kar nayo ina ukoo mkubwa, mzizi wake ni kutenda: Kiajemi kardan, Kihindi karna, na ile karma mnayotishiana nayo kila siku mtandaoni. Hata jina Sanskriti lenyewe lina huohuo mzizi ndani yake, maana yake kilichotengenezwa vizuri.