Utumikaji wa programu za simu: ni nini hasa tunachopima?

Mvua ikinyesha wiki nzima, mkazi wa Mwiki au Ruai atakuambia kwamba barabara haipitiki. Hamaanishi kwamba hakuna anayepita. Bodaboda zinapita, wenye gambuti wanapita, ila lori la mchanga limezama hadi ekseli. Kupitika si sifa ya barabara peke yake. Kunategemea nani anapita, kwa chombo gani, anaelekea wapi, na mbingu zimeamkaje siku hiyo.

Kiambishi kile kile, “-ik-” cha “pitika”, ndicho kinachotupa neno ninalotaka kulieleza: tumia, tumika, utumikaji. Programu ya simu inaweza kutumiwa kila siku na watu wanaotoka jasho kwayo, na bado tukasema haitumiki vizuri. Na kama ilivyo kwa barabara, swali la kwanza ni: haitumiki na nani?

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina kiwango nambari 9241, sehemu ya 11, kilichotoka mwaka 1998 na kurekebishwa 2018. Kwa maneno yangu, kinasema hivi: utumikaji ni kadiri ambayo watumiaji fulani, katika mazingira fulani, wanaweza kukitumia kitu kufikia lengo fulani, wakalifikia kweli, bila kupoteza muda na nguvu nyingi, na wakaridhika. Neno “fulani” limo mara tatu, na uzito wote umo ndani yake. Ukiniambia programu yako ni rahisi kutumia bila kunitajia mtu, kazi na mahali, hujaniambia kitu bado.

Mimi huu ndio mkate wangu. Nafanya majaribio na watu wasioona na wenye uoni hafifu hapa Nairobi, kwenye programu za namna mbili: zinazomsomea mtu maandishi, na zinazomwongoza njia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 300,000 wenye shida ya kuona, na simu ndiyo imekuwa macho ya wengi wao mjini.

Kwanza, jinsi wanavyoitumia. Simu za Android zina kisoma-skrini kiitwacho TalkBack, na za iPhone zina VoiceOver. Vyote viwili vilianza mwaka 2009. Ukitelezesha kidole kulia, sauti inakutajia kitu kinachofuata kwenye skrini. Ukigonga mara mbili, unakifungua. Kwa hiyo skrini ambayo mwenye macho anaiona yote kwa mpigo, kwa huyu mwingine ni foleni, kitu kimoja nyuma ya kingine. Kitufe kilicho kona ya chini, ambacho wewe unakiona papo hapo, kwake kinaweza kuwa cha ishirini na saba. Mimi huhesabu mitelezo hiyo kwa vistari kwenye daftari, kama mwenye duka anavyohesabu kreti za soda.

Hapa inabidi nitenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Ufikivu ni kama mlango upo na unafunguka: vitufe vina majina, picha zina maelezo, herufi zina weusi wa kutosha juu ya weupe. Mambo hayo yana vigezo vyake, vikiwemo vya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa mtandao, na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, usafiri wa umma na habari. Utumikaji unaanza ukishapita mlangoni. Nimeona programu zilizofaulu kila kigezo cha ufikivu ambazo mtu alizifungua, akahangaika dakika kumi, akazifunga.

Chukua barua ya shule. Mama mmoja wa Kayole, asiyeona tangu utotoni, aliniletea barua ya karo ya kijana wake ili aisome kwa programu tuliyokuwa tunaijaribu. Aliiweka mezani, akaipiga picha vizuri kabisa. Programu ilimwelekeza mpaka pembe zote nne zikaingia, na kwa hilo naipa heko. Kisha ikaanza kusoma: “Chakula. Usafiri. Vitabu. Masomo ya ziada.” Kimya kidogo. “Elfu nne mia tano. Elfu saba. Elfu moja mia mbili. Elfu mbili.” Ilikuwa imesoma safu ya kushoto yote, ndipo ikaenda ya kulia. Hakuna neno hata moja lililokosewa. Mtengenezaji angehesabu maneno sahihi, angejipa mia kwa mia. Lakini mama alitaka kujua jambo moja tu: usafiri ni pesa ngapi. Alisikiliza mara tatu, akihesabu kwa vidole, akasema, “Usafiri ni wa pili, basi ni elfu saba.” Alipata jibu, kwa dakika sita na kwa akili yake mwenyewe. Daftarini niliandika: lengo limefikiwa, kwa gharama kubwa mno. Kukamilisha na kugharamika ni vipimo viwili tofauti, na ukipima kimoja tu utadanganyika.

Kisha kuna sauti. Injini ya sauti ya Google ina Kiswahili, lakini simu nyingi ninazokutana nazo zimeachwa na sauti ya Kiingereza, na mwenyewe hakuwahi kuambiwa inabadilishwa. Basi simu inakutana na “mtoto wake”, na lile “wake” inalitamka “weik”. “Pole” inakuwa “poul”. Kwenye maelezo ya dawa ya macho, “tone moja” inatoka “toun” moja. Msikilizaji mzoefu huzoea, hufasiri kichwani anapokwenda. Ila kazi hiyo ya kufasiri ni mzigo, na mzigo huo hauonekani kwenye saa yangu ya kupimia. Unauona mtu anapoomba kupumzika baada ya kurasa mbili.

Njia ndiyo yenye mambo mengi zaidi. Kazi tuliyoiweka siku moja ilikuwa kutoka steji ya Kencom, katikati ya Nairobi, hadi maktaba ya McMillan, Banda Street. Kwenye ramani ni mwendo mfupi. Nilitembea hatua tatu nyuma ya ndugu aliyekuwa anajaribu, bila kumsemesha, mkono tayari kumzuia kama angeingia barabarani. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza: usalama wa mtu unatangulia jaribio.

Programu ilimtaka ashike simu mbele yake ili ijue ameelekea upande gani. Alicheka kidogo, akairudisha mfukoni. Ni nani anayetembea katikati ya jiji ameinua simu mbele ya watu, tena haoni anayemkaribia? Hilo pekee lilitosha kuandika ukurasa. Programu ilitengenezwa kwa mtaa ambao simu haipokonywi, na kwa hiyo katika “mazingira fulani” yetu sehemu yake kuu haitumiki, hata kama kwingine inatumika vizuri.

Pia GPS. Simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Katikati ya majengo marefu mawimbi hugonga kuta na kurudi, na kosa linakua. Kwa anayeendesha gari, mita 5 si kitu. Kwa anayetembea na fimbo nyeupe, mita 5 ndiyo tofauti kati ya ukingo wa barabara na njia ya matatu. Ile sauti ilipomwambia “umefika”, tulikuwa bado upande wa pili wa barabara. Yeye alijua hatujafika. Alikuwa ameshapita harufu ya samaki wa kukaanga wa City Market na ubichi wa maua yanayouzwa nje, na akasikia adhana kutoka Msikiti wa Jamia. “Maktaba iko jirani na msikiti,” aliniambia, “na ina ngazi mbele. Sijapanda ngazi bado.”

Hapo nilijifunza kigezo ambacho sijakikuta kwenye orodha yoyote niliyotumia: programu ya njia isimnyang’anye mtu masikio yake. Anayeongozwa na sauti za mji anahitaji nafasi ya kuzisikia, honi na makanga na nyayo za watu wanaovuka. Programu inayoongea mfululizo inaziba dirisha alilokuwa analichungulia. Ndugu yule alikuwa amevaa kisikilizi sikio moja tu, na mara mbili alikichomoa kabisa alipofika pa kuvuka.

Watu wetu pia hawaelekezani kwa majina ya barabara. Ukiuliza njia utaambiwa shuka steji ya petroli, rudi nyuma kidogo, ingia kona ya duka la dawa. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliowaleta pamoja Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia, ulitoa ramani ya njia za matatu uliyoikusanya kwa simu, na baadaye data hiyo ikaingia Google Maps. Ni kazi ninayoithamini sana. Lakini steji huhama, na anayeona huona umati umehamia wapi. Asiyeona huuliza. Programu inayomsaidia kuuliza vizuri, kwa kumpa jina la jengo lililo karibu badala ya “kaskazini-magharibi, mita mia moja na ishirini”, inafaa zaidi hapa.

Sasa namna ya kupima. Njia inayofundishwa sana ni kumwambia mtu aseme anachowaza huku akifanya kazi. Kwa anayetumia kisoma-skrini inagoma, kwa sababu simu inaongea na yeye anaongea, na hakuna anayemsikia mwenzake. Mimi huacha amalize, kisha tunarudi pamoja hatua kwa hatua nikimuuliza hapa uliwaza nini. Na wazoefu huweka sauti kwa kasi ambayo mgeni husikia kama mahindi yanayolipuka sufuriani. Mwache na kasi yake, usimpunguzie ili wewe uelewe.

Kwa kuridhika kuna dodoso maarufu, SUS, alilolibuni John Brooke mwaka 1986. Lina sentensi 10, za kusifu na za kulaumu zikipishana, na mtu hujibu kwa 1 hadi 5. Kwa sentensi za namba witiri unatoa 1 kwenye jibu. Kwa za namba shufwa unalitoa jibu kwenye 5. Unajumlisha na kuzidisha kwa 2.5. Matokeo ni kati ya 0 na 100, wala si asilimia, na wastani unaotajwa sana ni 68. Nalitumia, kwa uangalifu. Shida yake kwetu ni adabu. Mtu uliyemkaribisha, ukampa chai, hatakuambia kitu chako ni kibovu. Atasema “iko sawa.” Ndiyo maana simuulizi kama anaipenda, namuuliza kama ataiacha simuni au ataifuta nikiondoka.

Idadi ya watu nayo huleta ubishi. Jakob Nielsen, mtafiti wa utumikaji, alieneza hesabu kwamba watumiaji 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo, kwa kukadiria kwamba kila mmoja hufichua asilimia 31. Hesabu ni nzuri ikiwa hao watano wanafanana. Asiyeona kabisa na mwenye uoni hafifu anayekuza herufi hadi neno moja lijaze skrini hawafanani. Hata matatizo yao hayakutani. Watano wa kwanza hawawezi kusimama badala ya watano wa pili.

Na tafadhali, mtengenezaji kujifunga kitambaa usoni hakumfanyi mtumiaji asiyeona. Inafaa kwa kusikia programu yako inavyosikika: kwenye simu nyingi za Android, bonyeza vitufe viwili vya sauti pamoja kwa sekunde tatu TalkBack iwake, kama njia hiyo ya mkato imewashwa. Lakini hofu utakayoihisi ni ya mtu aliyepoteza macho dakika tano zilizopita. Mama wa Kayole hana hofu hiyo. Ana miaka mingi ya ustadi, na ni kwa ustadi huo ndiyo unakuja kuipima programu.

Mlipe. Nauli, bando alilolitumia, na siku yake. Alipomaliza ile barua ya karo nilimuuliza angetaka tujaribu nini wiki inayofuata. Alikuja na mfuko wa karatasi: bili ya maji, pakiti ya dawa ya presha, kadi ya mwaliko wa harusi yenye maandishi ya dhahabu, na risiti ya duka iliyofifia. Risiti ndiyo aliyoitoa kwanza.