Hakuna uso "mweusi mno" kwa kamera

Mwanafunzi anamkalisha mteja mbele ya kitambaa cheupe, anabonyeza, anatazama kioo cha kamera, kisha anatoa hukumu: "Huyu ni mweusi mno, kamera haimshiki." Nimeisikia kauli hiyo hapa Koboko, Uganda, kwa vijana ninaowafundisha, kwa wenye studio wenzangu na, mbaya zaidi, kwa wateja wenyewe. Mama analeta binti yake apigwe picha za fomu ya shule, na kabla mtoto hajakaa vizuri ananiambia mbele yake, "Kaka, mpunguzie weusi kidogo." Nimechoka nayo. Si kweli, na inamuumiza mtoto.

Ukweli ni kwamba kamera haijui uso ni nini. Kipima mwanga chake kimetengenezwa kiamini kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya chote, ni kijivu cha wastani. Kikikutana na kitambaa cheupe kilichojaza fremu, kinadhani mwanga umezidi na kuupunguza. Kitambaa kinatoka kijivu, uso unazama. Mtu yuleyule mkalishe mbele ya kitambaa cheusi, uiache kamera kwenye otomatiki, na atatoka mweupe kuliko alivyozaliwa. Ngozi ni ileile. Kilichobadilika ni kitambaa.

Kwa hiyo toka kwenye otomatiki. Pima mwanga shavuni, si kwenye fremu nzima, halafu kwa ngozi nyeusi punguza hatua moja, yaani mwanga unaoingia kwenye kamera ubaki nusu, kwa sababu kipima kitataka kuligeuza shavu nalo kuwa kijivu. Mteja akae mita moja na nusu mbele ya kitambaa, na kitambaa kipate taa yake chenyewe. Hayo mawili tu yanamaliza malalamiko mengi.

Wengi badala yake hukimbilia flashi kali iliyo juu ya kamera. Matokeo yake unayajua: doa jeupe kwenye paji, doa jingine puani, na sehemu iliyobaki ya uso bapa kama sahani. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli, hivyo kazi yako ni kuuongoza mng'ao, na mng'ao mzuri hutoka kwenye chanzo kipana kilichokaa pembeni. Huna fedha za taa? Tumia mlango. Mkalishe mteja hatua mbili ndani ya mlango usiopigwa na jua, mwambie ageuze kichwa taratibu. Utauona mng'ao ukishuka kutoka kwenye paji, ukipanda juu ya mfupa wa shavu, kisha doa dogo la mwanga likitokea chini ya jicho la upande wa giza. Hapo mwambie atulie. Upande wa pili shika kadibodi nyeupe imrudishie mwanga. Ukitumia taa nyuma ya shuka, isogeze karibu: ukiitoa mita moja kuipeleka mita mbili, mwanga unaomfikia mteja unabaki robo. Na poda iacheni jamani! Inaua kile mnachokitafuta. Mafuta kidogo yaliyofutwa kwa kitambaa safi yanatosha.

Kauli hii ina mizizi ya zamani. Miaka ya kamera za filamu, kampuni ya Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na mafundi walisawazisha rangi kwa ngozi ya aina hiyo. Waliosukuma filamu irekebishwe ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao rangi zao za kahawia zilikuwa hazitofautishwi. Upungufu ulikuwa kwenye filamu, na watu weusi ndio waliotupiwa lawama. Leo unashika kamera ya dijitali, huna sababu ya kuirithi lawama hiyo.

Kumpausha mteja kwenye kompyuta ni kosa lingine tena. Picha ya fomu ipo ili afisa amtambue mwenye uso. Ukimpa mtu uso usio wake, umemuuzia matatizo.

Dhana nyingine nazijibu kwa haraka.

"Nikipata kamera kubwa nitaanza." Megapikseli 12 zinatosha kuchapa A4 safi kwa nukta 300 kwa inchi. Nunua kamera iliyotumika na lenzi ya milimita 50, fedha inayobaki itie kwenye printa na karatasi nzuri. Mteja haondoki na kamera yako.

"Picha za pasipoti ndizo zitakazonilisha." Pasipoti mpya za Uganda, zilizoanza kutolewa Desemba 2018, na kitambulisho cha taifa, vyote hupigwa picha ofisini kwao. Zimebaki fomu za shule, kazi, benki na SACCO. Zinalipa kodi ya chumba, lakini usijenge maisha juu yake.

"Picha ndogo si sanaa." Gulu Real Art Studio, ya mjini Gulu hapa Uganda, walikuwa wakipiga picha ya mteja aliyeketi, wakikata uso kwa ajili ya fomu na kuyatupa mabaki, kwa kuwa mashine yao ilitoa picha nne kwa mkupuo na wengi hawakuhitaji zote. Mabaki hayo, yasiyo na nyuso, mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo aliyakusanya, na mwaka 2013 yalitundikwa ukutani New York. Watu walisimama kutazama mikono iliyolazwa mapajani, koti, mtoto aliyepakatwa. Basi mteja wa picha ndogo naye mkalishe vizuri.

"Studio lazima iwe barabara kuu." Chagua chumba kwa mlango wake. Mlango unaotazama mashariki utakuletea jua la moja kwa moja asubuhi, wa magharibi jioni. Huku kwetu karibu na Ikweta, wa kaskazini au kusini wenye baraza hukupa mwanga mtulivu karibu kutwa. Kabla hujalipa kodi, nenda saa tatu asubuhi na urudi saa kumi jioni na mtu wa kukaa kwenye kiti, umpige hapohapo.