Sukari kushuka baada ya kula, kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

Hii ni hali ya sukari ya damu kuporomoka kati ya saa moja na tatu tangu mtu ale, mara nyingi chini ya milimoli 3.0 kwa lita, yaani miligramu 54 kwa desilita. Huwapata zaidi waliotengenezewa kifuko kidogo cha tumbo kikaunganishwa na utumbo mwembamba, ingawa huonekana pia kwa waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo. Wengi huanza kuiona mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, walipokwishajihesabu wamepona.

Njaa haihusiki hapa, na ndipo watu wanapochanganyikiwa. Tumbo zima huachia chakula kidogo kidogo. Likishapunguzwa, wanga na sukari hufika kwenye utumbo kwa mkupuo, na sukari ya damu hupanda ghafla. Utumbo nao humwaga homoni, hasa GLP-1, zinazoichochea kongosho, na kongosho hutoa insulini kupita kiasi. Chakula kinakwisha, insulini bado ingali kazini. Hapo jasho linatoka, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio. Ikizidi, mtu anaongea ovyo au anazimia.

Chukua mfungaji wa Ramadhani. Mchana kutwa yuko sawa. Magharibi anafungua kwa tende, glasi ya juisi ya embe, uji wa sukari, kisha viazi vitamu vya nazi. Kwenye tarawehe kanzu imelowa jasho na miguu haimbebi. Wenzake watasema saumu imemzidi. Kilichomzidi ni futari.

Futari hiyohiyo hupangika. Afungue kwa tende moja na maji kidogo, aswali, akae kula kama nusu saa baadaye, kwa sababu kinywaji pamoja na chakula hukiharakisha kutoka tumboni. Aanze na samaki, yai au kunde. Wanga uje mwisho na uwe mchache. Wataalamu wengi wa lishe huweka kikomo cha gramu 30 hivi za wanga kwa mlo, sawa na theluthi mbili ya kikombe cha wali uliopikwa. Chapati moja kubwa ya kusukuma huweza kukivuka peke yake. Nje ya mfungo, milo midogo 5 au 6 kwa siku hufaa kuliko mitatu mikubwa. Vya kukaa mbali navyo ni soda, juisi (hata ya matunda halisi, samahani), chai ya sukari nyingi, na pombe. Kama kufunga kwenyewe kunamfaa, hilo aamue na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Sukari ikishashuka, ipandishwe kwa kipimo: gramu 15 tu, kama vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda. Subiri dakika 15, pima tena. Ikipanda, kula yai, karanga au mtindi usiotiwa sukari. Anayemaliza chupa nzima ya soda kwa hofu huwa anaandaa mporomoko wa pili. Aliyezimia asitiliwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kichefuchefu, tumbo kukata na kuharisha dakika 10 hadi 30 baada ya kula ni tatizo jingine: chakula kimeshuka upesi na kuvuta maji utumboni, na sukari huenda haijashuka kabisa. Glukomita, kile kifaa kidogo cha kupimia sukari ya damu, hutenganisha mawili hayo, kwa hiyo pima wakati dalili zipo na uandike ulichokula. Lishe isipotosha, daktari anaweza kuandika akabozi, dawa inayochelewesha kusagwa kwa wanga. Asiendeshe gari mtu ambaye sukari humshuka bila kumpa dalili. Na ikiwa inashuka usiku au tumbo likiwa tupu, chanzo chake huenda ni kingine, na kinahitaji vipimo vyake.