Nchi inamudu pensheni na matibabu kwa kadiri michango inavyofika

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipitishwe, na tangu kikokotoo cha pensheni, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kibadilishwe, maswali ya wananchi wa Tanga yamekuwa mengi na mengine yana hasira ndani yake. Swali kuu ni moja: serikali ina fedha za kumtibu kila mtu na kumlipa kila mzee? Jibu halipatikani kwa kutazama bajeti ya Hazina peke yake. Inabidi kutazama nani anachangia, anachangia kiasi gani, na kama mchango wake unaingia kwenye jina lake. Makala hii inaeleza hesabu hiyo kwa mifano. Viwango hubadilishwa kwa kanuni, kwa hiyo kabla ya kufanya uamuzi wa kustaafu thibitisha kiwango cha siku hiyo katika ofisi ya mfuko wako.

Tuanze na pensheni. Mchango kwa mwanachama wa sekta rasmi ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa mtumishi aliye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yeye hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 15. Kwa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, kwa kawaida ni 10 kwa 10, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya hiyo 10. Haki ya pensheni ya kila mwezi huanza mtu akishachangia miezi 180, yaani miaka 15, na akafika umri wa kustaafu: 55 kwa hiari, 60 kwa lazima. Aliyefikisha miezi 179 hana pensheni ya kila mwezi. Hulipwa mkupuo, yaani fedha za mara moja, na hesabu yake inafungwa, na hakuna ofisa mwenye mamlaka ya kumzawadia mwezi mmoja.

Pensheni ya mwaka hupatikana hivi: idadi ya miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Mtumishi aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, kwa wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ana wastani wa 12,000,000 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ni shilingi 7,448,276 kwa mwaka. Iwapo yuko kwenye kundi la mkupuo wa asilimia 40, chukua asilimia 40 ya kiasi hicho, zidisha kwa 12.5, atapokea 37,241,379 kwa mara moja. Asilimia 60 iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12, naye atalipwa 372,414 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Kwa kundi la asilimia 35, mkupuo ni 32,586,207 na pensheni ya mwezi ni 403,448.

Wengi husoma mkupuo wakaishia hapo. Mkupuo kutoka nusu kwenda asilimia 33 mwezi Julai 2022 kuliumiza mipango ya watu, na ndiyo maana mwaka 2024 serikali ilitangaza kupandisha kiwango hadi 40 kwa waliokuwa na 50 kabla ya Julai 2022, na 35 kwa waliokuwa na 25. Lakini si kweli kwamba sehemu isiyolipwa kwenye mkupuo "imeliwa". Imebaki kwenye malipo ya kila mwezi, kama mifano miwili ya hapo juu inavyoonyesha: mkupuo ukipungua, pensheni ya mwezi hupanda.

Sasa mgeuzie hesabu huyo huyo mtumishi. Asilimia 20 ya milioni moja ni 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 360 ni shilingi milioni 72, tukimchukulia kwamba mshahara wake haukubadilika miaka yote 30. Toa mkupuo wa milioni 37.2, inabaki takriban milioni 34.8. Pensheni yake kwa mwaka ni karibu milioni 4.47. Kiasi kilichobaki kinaisha kabla hajatimiza miaka minane ya ustaafu. Aliyestaafu na miaka 60 na akaishi hadi 80 analipwa miaka 12 zaidi. Na uhalisia ni mgumu kuliko mfano, kwa sababu mwenye milioni moja leo alianza kazi na mshahara mdogo, akachangia kidogo, ilhali pensheni yake inahesabiwa kwa miaka yake bora ya mwisho. Pengo hilo huzibwa na faida ya uwekezaji wa mfuko na michango ya walio kazini sasa. Mchango usipokuja kwa wakati, hakuna cha kuwekeza.

Tumeshaona nini hutokea pensheni ikiahidiwa bila mchango. Watumishi wa serikali kuu hawakuwa wakichangia kabla ya Julai 1999. Walilipwa moja kwa moja kutoka Hazina. PSPF, mfuko wao wa pensheni, ilipoanzishwa mwaka huo ilibeba pia miaka yao ambayo haikuchangiwa. Deni hilo lilikua, mfuko ukaanza kuchelewesha malipo, na mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Desemba 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa baadaye, ya shilingi trilioni 2.17 kulipia sehemu ya deni hilo. Mwalimu aliyesubiri mafao yake miezi mingi aliilipa gharama hiyo kabla ya Hazina kuilipa.

Kwa sekta binafsi, tatizo linalorudi mara kwa mara katika mkoa huu, mashambani na viwandani, ni la mwajiri anayekata na asipeleke, au anayepeleka kwa mshahara wa uongo. Mchango wa mwezi unatakiwa ufike ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Mwajiri huandaa orodha ya wafanyakazi kwenye mfumo, hupata namba ya kumbukumbu ya malipo, hulipa benki au kwa simu, kisha mchango husambazwa kwa kila jina. Akilipa bila orodha sahihi, fedha huingia kwenye mfuko wa pensheni lakini jina lako hubaki tupu. Akichelewa, hutozwa adhabu inayoongezeka kila mwezi juu ya kiasi anachodaiwa. Adhabu hiyo ni yake, haikatwi kwa mfanyakazi. Akiendelea kukaidi hushtakiwa, kwani kukata mshahara wa mtu na kutowasilisha ni kosa la jinai.

Mshahara wa uongo ni wizi wa taratibu zaidi. Anayelipwa 700,000 lakini akaandikishwa 300,000 hufurahia makato madogo kwa miaka. Baada ya miezi 240, pensheni yake kamili kabla ya kutoa mkupuo itakuwa 124,138 kwa mwezi badala ya 289,655. Wapo wanaokubaliana na mwajiri jambo hili kwa hiari. Wasije kulalamikia kikokotoo.

Kwenye matibabu, hesabu ni kali zaidi kwa sababu fedha hutumika mwaka uleule. Mtumishi huchangia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, asilimia 6 ya mshahara, 3 yake na 3 za mwajiri. Kwa mshahara wa milioni moja ni 720,000 kwa mwaka, na kadi hiyo hubeba hadi watu sita, yaani 120,000 kwa kila mtu. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliwekwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka: 5,000 kwa kila mtu. Ndiyo sababu mwenye CHF alitakiwa aanzie zahanati au kituo cha afya, apewe rufaa, ndipo afike Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliyepanda daladala kutoka Pongwe moja kwa moja hadi Bombo bila karatasi ya rufaa, nje ya dharura, aliambiwa alipe, akaondoka akisema bima ni utapeli. Rufaa ndiyo iliyowezesha 5,000 ile itoshe.

Jambo la pili, na hapa lazima tuseme wazi, ni kujiunga siku ya kuugua. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Watoto 100 wakijiunga huleta 5,040,000, na upasuaji mmoja wa moyo unaweza kuzimaliza zote. Mpango huo ungesimama kama wazima wangeingia pamoja na wagonjwa. Wazazi wengi waliwaandikisha walio wagonjwa peke yao, na Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja ukasitishwa. Sheria mpya inamtaka kila mkazi awe na bima kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kaya zisizo na uwezo, sheria imeweka chanzo cha fedha kutokana na kodi za bidhaa na huduma kama vileo, vinywaji vyenye kaboni, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Fedha hizo ni za wasio na uwezo kweli. Mwenye duka la jumla barabara ya nane Ngamiani si mmoja wao.

Wenye ndugu Pemba huuliza mbona kule wazee wanalipwa bila kuchangia. Ni kweli: Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, kutoka mapato ya serikali, na ni jambo jema. Kwa sensa ya 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, na mkoa wa Tanga peke yake una 2,615,597. Kila wazee milioni moja wakilipwa 20,000 kwa mwezi ni shilingi bilioni 240 kwa mwaka. Bara inaweza kuamua hivyo, ila fedha hiyo itatoka kwenye kodi ileile inayonunua dawa na kulipa wauguzi.

Mvuvi wa Sahare, mama anayekaanga samaki Deep Sea na dereva wa bodaboda wanaweza kujiunga NSSF kupitia skimu ya waliojiajiri, kwa kitambulisho au namba ya NIDA, na kulipa kwa simu kidogo kidogo ndani ya mwezi. Anza mapema: mwenye miaka 46 leo hafikishi miezi 180 kabla ya 60.

Walio tayari ndani, omba taarifa ya michango sasa, kwa simu au dirishani, na uilinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Pengo la miezi minne mwaka huu linafuatiliwa kwa wiki chache. Likigunduliwa siku ya kustaafu, na kampuni imeshafungwa, ni kazi ya miaka. Kagua na majina. Wengi hapa ni Athumani kazini na Othman kwenye NIDA, Bakari kwenye cheti na Abubakar benki, na faili husimama kwa ajili ya hilo tu. Hati ya kiapo ya majina ipatikane ukiwa bado kazini. Orodha ya wategemezi nayo ifanyiwe marekebisho kila unapooa, unapoachana au unapopata mtoto, kwa kuambatisha cheti cha ndoa, cha talaka au cha kuzaliwa. Mstaafu ajihakiki kila mwaka kwa utaratibu wa mfuko wake. Asipojihakiki malipo husimamishwa, na hurudishwa pamoja na malimbikizo akishathibitika.